Skrubu Zilizobaki: Historia Fupi ya Mafundi Wasiojua Ufundi



Imekuwa desturi katika gazeti hili kwamba mtu akiombwa kuandika historia, huandika juu ya mambo makubwa: Boma la Wajerumani pale Biharamulo, watawala wa zamani, wakuu wa shule waliotangulia, na mwaka ule tulioshinda kombe. Hayo ni mema, na wenzangu wameyaandika vizuri kuliko ninavyoweza. Mimi nimechagua historia ya watu wa namna nyingine, nao ni mafundi wasiojua ufundi. Hawa ni wale ambao hufungua kitu kwa ujasiri mkubwa, wakakifunga kwa mashaka makubwa zaidi, na mezani zikabaki skrubu tatu ambazo hakuna ajuaye zilitoka wapi.

Msomaji asidhani nafanya mzaha mtupu. Nitaanza na vichekesho, kwa kuwa vichekesho ndivyo vilivyo karibu nasi, lakini safari yenyewe itatufikisha mahali ambapo hakuna atakayecheka. Namwomba avumilie hadi mwisho.

VITUKO VYA NYUMBANI

Waliokaa bwenini nami watakumbuka redio ile ya betri nne, mali ya mwenzetu mmoja ambaye leo ni mtu mzima mwenye heshima zake na wajukuu njiani, kwa hiyo jina lake nalihifadhi. Redio hiyo ilikuwa nzima isipokuwa ilikwaruza kidogo. Siku moja ya Jumamosi, Simba na Yanga zikikutana Dar es Salaam, mwenye redio alitangaza asubuhi kwamba mkwaruzo ule ni vumbi tu, na kwamba yeye ataliondoa kabla ya chakula cha mchana. Bisibisi hakuwa nayo. Alitumia ncha ya kisu cha kumenyea ndizi.

Kufungua kulichukua dakika tano. Kufunga kulichukua hadi saa kumi jioni, bweni zima likiwa limemzunguka kama wauguzi wanaomzunguka mgonjwa. Kazi ilipokwisha, zilibaki skrubu tatu na kispringi kimoja juu ya blanketi. Alipoulizwa, alijibu kwa utulivu kwamba viwanda vya nje huweka vipuri vya akiba. Redio ikawashwa, na kweli mkwaruzo ulikuwa umekwisha! Lakini ikawa inakamata stesheni moja tu, nayo ni ya Burundi. Wenzetu Wahangaza kutoka Ngara, ambao lugha yao na Kirundi ni ndugu, wakageuzwa wakalimani ghafla. Tukawauliza kwa hamu nani kafunga bao. Wakatega masikio, wakatuarifu kwamba ni mahubiri.

Nyumbani nako mambo hayakupungua. Upande wa Nyakahura alikuwapo mzee mmoja mwenye baiskeli aliyeipenda kuliko ng'ombe wake. Mnyororo ulipoanza kulia, akaishiwa grisi, na duka lilikuwa mbali. Akafikiri kwamba mafuta ni mafuta, akaupaka mafuta ya ng'ombe. Siku hiyo baiskeli ilikwenda kimya kama paka. Tatizo ni kwamba ilikwenda ikifuatwa na mbwa wa vijiji vitatu, na mzee akaingia gulioni na msafara kama wa kiongozi wa serikali. Usiku panya wakamaliza kazi waliyoiacha mbwa. Asubuhi mnyororo ulikuwa umelambwa, unang'aa kama mpya, na unalia zaidi ya mwanzo.

Kila msomaji anazo hadithi zake za aina hii: karabai iliyopigwa pampu mpaka ikataka kuwaka nyumba, pikipiki iliyofungwa breki za nyuma mahali pa mbele, saa ya ukutani iliyotengenezwa ikaanza kurudi nyuma. Tunacheka kwa sababu hasara ilikuwa ndogo. Lakini ukizitazama kwa makini, utaona kwamba chini ya kila kituko kuna ugonjwa mmoja kati ya mitatu. Wa kwanza ni haraka. Wa pili ni kudhani kwamba nguvu inaweza kukaa mahali pa maarifa. Wa tatu, ambao ni mbaya kuliko yote, ni kugusa kitu kabla hujajiuliza kinafanyaje kazi. Magonjwa haya hayachagui rangi, cheo wala utajiri, na historia ya nchi yetu inalithibitisha jambo hilo.

KARANGA ZA KONGWA

Wapo wanaodhani kwamba kuharibu mashine ni kazi ya watu wa vijijini ambao hawajasoma. Hao na waende Kongwa, mkoa wa Dodoma.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 wataalamu watatu, wakiongozwa na John Wakefield aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, walitumwa kutafuta mahali pa kulima karanga. Walizunguka kwa muda wa wiki tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na mpango wa kufyeka na kulima ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Serikali ya London ikaukubali, na waziri wa chakula, John Strachey, akawa mtetezi wake mkubwa. Mwanzoni mwa 1947 kazi ikaanza Kongwa, na shabaha ya mwaka ule wa kwanza ilikuwa ekari 150,000.

Matrekta mapya hayakupatikana, maana dunia nzima ilikuwa inayatafuta. Basi wakanunua mabaki ya jeshi la Marekani yaliyokuwa yamelala kwenye mvua na jua huko Ufilipino. Mengi yalipofika Kongwa yalikuwa na kutu, hayana vipuri, na hakuna karakana ya maana ya kuyapokea. Madereva walifundishwa harakaharaka, nao wakakabidhiwa mitambo ambayo hata waliowafundisha walikuwa bado wanaizoea. Kisha mashine zikaingizwa kwenye vichaka vya Ugogo, ambavyo mizizi yake imefumana chini ya ardhi kama kamba za meli. Majembe yalipinda, meno ya mabuldoza yakavunjika, na kufikia katikati ya mwaka 1947 theluthi mbili ya matrekta hayo yalikuwa yamesimama. Mwaka ulipokwisha, karanga zilikuwa zimepandwa katika ekari 7,500 hivi tu.

Mtu mwenye busara angesimama hapo akajiuliza. Wao wakaongeza nguvu. Vifaru vya vita vya aina ya Sherman vilivuliwa mizinga, vikageuzwa kuwa matrekta, vikapewa jina jipya la Shervick. Ndugu msomaji, kifaru kiliundwa kwenda kubomoa ngome za adui. Kukipeleka kung'oa mizizi ya Kongwa ni sawa na kumenya ndizi kwa shoka.

Na tatizo kubwa zaidi halikuwa mashine. Udongo wa Kongwa, mvua ikikatika, hukauka ukawa mgumu kama tofali, na karanga ni mmea unaozaa chini ya ardhi. Hata ukifaulu kupanda, utachimbuaje? Na mvua yenyewe ya kule ni ya kubahatisha. Wagogo waliijua nchi yao kwa njaa zake, ikiwamo ile kubwa iliyoitwa Mtunya, iliyowapiga kati ya 1917 na 1920. Mzee yeyote aliyekaa chini ya mbuyu angeweza kuwaeleza hayo bila malipo. Lakini ndege haitui chini ya kila mbuyu.

Mnamo Januari 1951 mpango ukafutwa. Hasara ilikuwa pauni milioni 36 hivi, fedha za walipa kodi wa Uingereza ambao mkate wao wenyewe ulikuwa ukipimwa kwa kibali miaka hiyo. Kutoka katika mabaki ya mpango huo sisi tulipata bandari ya Mtwara, ambayo mpaka leo inatufaa, na tukapata pia somo la bure, kama tutakubali kulisoma. Wale mabwana walikuwa na digrii, fedha na serikali nyuma yao, na bado walibaki na skrubu zao mezani, skrubu za ukubwa wa buldoza.

DARAJA LA KYAKA

Ugonjwa wa pili, ule wa kutumia nguvu, una mfano wake hapahapa mkoani kwetu, na wazee wetu waliushuhudia kwa macho.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu, yakaikalia sehemu yote ya kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka likawa ndiyo njia ambayo jeshi letu lingeweza kuitumia kurudi ng'ambo, kwa hiyo Waganda wakaazimia kulibomoa. Wakatuma ndege za MiG, ambazo wakati ule zilihesabiwa kuwa miongoni mwa silaha za kutisha kabisa katika Afrika Mashariki. Ndege zikaja na mabomu yao, na daraja likabaki limesimama.

Ilipoonekana kwamba mbingu zimeshindwa, ndipo wakakumbuka kumtafuta mtu anayejua. Wakamleta mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya shaba ya Kilembe, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kupasua miamba. Huyo hakuhitaji ndege. Tarehe 3 Novemba daraja lilikuwa chini.

Simsifu mtu aliyetuvunjia daraja, la hasha. Nasema tu kwamba hata kubomoa ni ufundi, na mchimba madini mmoja anayeijua baruti yake alifanya kile ambacho kikosi cha anga kilishindwa. Tena msomaji atakumbuka kwamba ujuzi haukuwa wa upande mmoja. Mwezi huohuo wa Novemba jeshi letu lilivuka mto kwa madaraja ya muda yaliyowekwa na wahandisi wake, likaikomboa ardhi yetu, na mwezi Aprili 1979 lilikuwa Kampala. Amin alidhani kuvunja daraja ni kumaliza safari. Hakuhesabu kwamba na ng'ambo ya pili kuna watu wanaojua kukaza nati.

MELI ILIYOZIKWA NA GRISI

Nisije nikaonekana ninawasema watu tu bila kumsifu hata mmoja. Fundi wa kweli naye ana historia yake, na mfano ninaoupenda kuliko yote uko Kigoma, ambako wengi wetu tumepata kupita kwa njia ya Kakonko na Kibondo.

Wajerumani walijenga meli yao kubwa ya Ziwa Tanganyika katika mji wa Papenburg, kisha wakaifungua yote vipandevipande na kuifunga ndani ya makasha yapatayo 5,000. Ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, na huko ikaunganishwa upya. Mafundi watatu kutoka Papenburg waliisimamia kazi hiyo, pamoja na vibarua wengi wa hapa nchini ambao vitabu havikuwapa majina. Fikirieni, ndugu zangu: makasha 5,000, na mwaka 1915 meli ikaelea. Sisi tulishindwa na redio ya betri nne.

Vita vikageuka. Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipoona kwamba hawana budi kuondoka Kigoma, waliamua kuizamisha meli yao, iliyoitwa Graf von Götzen, isiangukie mikononi mwa adui. Mtu mwingine angechukua nyundo akaiponda injini kwa hasira. Wale mafundi walifanya kinyume. Waliipaka injini grisi nyingi, kila mahali panapoweza kuingia kutu, kisha ndipo wakaishusha taratibu chini ya maji karibu na mlango wa mto Malagarasi. Walikuwa wakimzika mtu wanayetarajia afufuke.

Wabelgiji walipoishika Kigoma waliinyanyua, lakini ikazama tena. Waingereza wakaitoa majini mwaka 1924. Walipoifungua, mashine zake zilikutwa bado zinafaa, baada ya miaka minane. Wakaikarabati, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Injini zake za mvuke ziliendelea kusukuma abiria, samaki na magunia hadi miaka ya 1970, zilipobadilishwa kuwa za dizeli.

Sasa linganisheni grisi ile na mafuta ya ng'ombe ya mzee wa Nyakahura. Vyote ni mafuta, vyote vinateleza. Tofauti iko kichwani mwa mpakaji. Yule mzee alijua kwamba mnyororo unalia. Wale mafundi walijua kwa nini chuma huoza, na wakaweka kitu kati ya chuma na kinachokiozesha. Ufundi wote duniani umesimama juu ya neno hilo moja: kwa nini.

ASUBUHI YA MEI 1996

Nimefika sasa mahali nilipowaahidi, na hapa sina kichekesho.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba na Kemondo kwenda Mwanza, ilipinduka ikiwa imekaribia kufika. Meli hiyo iliundwa kuchukua abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Nilikuwa bado mwanafunzi. Habari zilitufikia kwa redio, na safari hii hakuna aliyehitaji mkalimani. Wapo walioitwa kutoka darasani, wakarudi wakiwa yatima. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa, na wengi wa marehemu walizikwa Igoma, Mwanza.

Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, na ndani yake walikuwamo watu wazima, wenye pumzi, waliokuwa wakigonga chuma ili wasikike. Waliokuwa juu waliwasikia. Wakataka kuwaokoa, tena upesi, kama ambavyo mtu yeyote mwenye moyo angetaka. Wakatoboa tundu kwenye bati la chini, ambalo sasa lilikuwa juu. Hewa iliyokuwa imenaswa ndani ikatoka kwa kasi, maji yakapanda kujaza nafasi yake, na meli ikaenda chini pamoja na waliokuwa wakigonga.

Nawaomba vijana mfanye jambo moja baada ya kusoma ukurasa huu. Chukueni mkebe mtupu wa maziwa, uliofunguliwa upande mmoja. Ugeuzeni mdomo chini, mkaudidimize ndani ya ndoo ya maji. Mtaona unakataa kuzama, kwa sababu hewa iliyomo haina pa kutokea. Sasa toboeni kitako chake kwa msumari. Mtaisikia hewa ikipumua nje, na mkebe utajaa na kutulia chini ya ndoo. Hiyo ni fizikia ya kidato cha kwanza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeifundishwa, nikaiandika kwenye daftari, nikapata alama, na sikupata kudhani kwamba ndani ya mkebe ule wanaweza kukaa watu wa mkoa wangu.

Siwalaumu waliotoboa. Hawakuwa na kiburi cha Kongwa wala dharau ya Amin. Walikuwa na huruma, na muda ulikuwa unawakimbia, na kelele za wanaogonga zilikuwa zinawapasua mioyo. Nani kati yetu angesimama akahesabu hewa wakati huo? Ndiyo maana nasema kwamba hesabu hiyo inapaswa kuwa imekwishafanyika kabla, shuleni, mikononi, mpaka imekuwa sehemu ya mwili. Huruma inakufanya utake kuokoa. Haikuambii pa kuanzia.

Miaka 22 baadaye, ziwa lilelile lilitupiga tena. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Kilikuwa kimeruhusiwa abiria 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Kosa la kujaza watu kupita kiasi tulikuwa hatujaliacha. Lakini siku mbili baadaye wazamiaji walipita chini ya maji, wakaingia ndani ya kivuko kilichopinduka, wakamtoa mtu mmoja akiwa hai. Alikuwa amejifungia katika chumba ambacho hewa ilikuwa imebaki. Mtu huyo alikuwa mhandisi wa kivuko chenyewe. Sisemi kwamba elimu peke yake ilimwokoa, maana Mungu ndiye ajuaye. Nasema kwamba kila nikiufikiria ule mkebe wa maziwa, nawaona watu wawili: mmoja juu na msumari, na mwingine ndani, ametulia, anaitunza hewa yake.

NENO KWA VIJANA NA KWA WAZEE WENZANGU

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fundi wa gari huinama kila siku, na sisi tunaokaa kwenye viti tumejizoesha kudhani kwamba kuinama ni unyonge. Mimi ni mtumishi wa serikali, kazi yangu ni mafaili. Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi kulikuwa na mashine ya kunakili karatasi ambayo kila ilipogoma ilipigwa makofi ubavuni kama mtoto mtukutu. Makofi hayo yalipigwa na watu wenye shahada, kwa zamu, kwa muda wa mwezi mzima. Siku fundi alipokuja, alivua koti, akapiga magoti, akatazama kimya kwa muda mrefu, kisha akatoa pini moja ya karatasi. Alichokuja nacho kuliko sisi kilikuwa subira ya kutazama kabla ya kugusa.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shule isiwe mahali pa kukimbilia kazi za mikono. Jembe tulilishika, na mashamba ya shule tuliyalima. Zikaja shule zenye mchepuo wa ufundi, likaja shirika la SIDO mwaka 1973 kuvisaidia viwanda vidogo, ikaja VETA kwa sheria ya mwaka 1994. Hata hivyo wengi wetu tulimaliza kidato cha nne tukiweza kuchora pampu ya maji kwa penseli ya rangi, bila kupata kufungua hata moja. Na mtaani tunaendelea kumwita mtu fundi huku tukimlipa kama kibarua, halafu tunashangaa mtoto wetu hataki kuwa fundi.

Nina ombi kwa wazee wenzangu tutakaokutana. Kila tunapokutana tunachanga, na mchango huishia kwenye hotuba, ng'ombe wa kuchinja na fulana zenye nembo. Safari hii tuongeze sanduku moja la spana na bisibisi za kila saizi, na kila darasa lilete mashine moja iliyokufa: redio, pampu, cherehani, injini ya pikipiki. Vijana wazifungue. Wazifunge. Skrubu zikibaki mezani, tucheke pamoja, kisha mwalimu awaulize swali lile moja, kwa nini, na wazifungue tena mpaka zisibaki. Ni afadhali mara mia skrubu zibaki kwenye meza ya shule.

Na nyinyi vijana, mtakapokwenda Mwanza mtapita Kigongo na Busisi juu ya daraja lililofunguliwa mwezi Juni 2025, mahali ambapo sisi tulikuwa tukingoja kivuko tangu asubuhi, tukila karanga. Mtapita mkichati na simu zenu, na ziwa liko chini yenu. Si vibaya. Lakini kumbukeni kwamba kila anayepita pale ameweka roho yake mikononi mwa mtu asiyemjua, ambaye siku fulani, jua likiwaka au mvua ikinyesha, alikaza nati hadi mwisho, akahesabu zilizobaki, akahakikisha kwamba hazipo.